Redio iliyopona Ngamiani na kuugua Raskazone

Mara ya tatu kuletwa, redio ile haikuja na maelezo mengi. Mjukuu aliegesha baiskeli barazani, akafungua mpira wa keria na khanga iliyoifunika, akaibeba hadi mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. "Shikamoo Mwalimu. Bibi anasema safari hii imenuka kabla haijalia vizuri."

Nikaitikia, nikainamisha pua kwenye matundu ya nyuma. Kweli ilinuka: nta iliyoyeyuka juu ya vumbi la moto. Aliyezoea redio za valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zikifanya kazi ya transista, huijua harufu hiyo kama mpishi anavyoujua ukoko kabla ya kufunua sufuria.

Mara mbili za kwanza niliitoa hapa nikiwa na hakika nimeimaliza. Sikubahatisha. Nilipima kila nilichojua kupima, na vipimo vikaniambia redio ni nzima. Kwa hiyo nakiandika kisa hiki chote, pamoja na sehemu zinazoniaibisha, maana wengi wanaoanza kukusanya redio hizi watapita palepale nilipopita mimi.

Ni redio ya mezani ya Kiholanzi. Sanduku la mbao lililong'arishwa, kitambaa cha spika rangi ya mchanga, vifundo rangi ya maziwa. Karatasi ngumu ya nyuma imeliwa na mende nusu nzima, na nusu iliyoliwa ndiyo iliyokuwa na nambari ya modeli na mchoro wa valvu. Umri wake ilinibidi niusome kwenye valvu zenyewe: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80, na jicho la kijani linaloonyesha nguvu ya stesheni, EM80.

Majina haya yana lugha yake. Makampuni ya Ulaya kama Philips na Mullard yalitumia herufi ya kwanza kutaja hita, waya unaoipasha valvu joto: E ni volti 6.3, D ni volti 1.4 za betri, U ni hita zinazofungwa kwa mfululizo na kupitisha miliampea 100. Herufi zinazofuata hutaja kazi. L ni pentodi ya nguvu inayosukuma spika, Z ni rektifaya ya pande mbili, inayogeuza umeme wa kwenda na kurudi kuwa wa upande mmoja, CH ndiyo inayochanganya mawimbi. Namba ya tarakimu mbili inayoanza na 8 ni valvu ya pini tisa, familia iliyoenea katika miaka ya 1950. Basi redio ya Bibi ni ya mwishoni mwa miaka hiyo au mwanzoni mwa 60, kabla transista hazijazifukuza redio za namna hii mezani.

Kuiona E nilishusha pumzi. Redio yenye UL41 na UY41 kwa kawaida haina transfoma ya umeme. Upande mmoja wa waya wa ukutani umeshikana moja kwa moja na chesisi, ile fremu ya bati ya ndani, na ukigusa skrubu ya kifundo kilichopotea umegusa umeme wa nyumba. Hata hivyo E peke yake haitoshi kukupa usalama, kwa kuwa zipo redio za E zenye transfoma ya waya mmoja usiotenganisha kitu. Nilipima kati ya pini za plagi na chesisi, testa ikakaa kimya. Transfoma kamili. Alhamdulillahi.

Mwenye redio ni bibi wa Raskazone, upande wa baharini, na aliyeinunua ni marehemu mumewe, karani wa ofisi mjini. Wakati ule redio ya umeme ilikuwa ya mtu wa mjini. Tanga ilipata umeme wa maporomoko ya Pangani tangu miaka ya 1930, lakini ndani ya mashamba ya mkonge mtu wa kawaida alisikiliza redio ya betri, zile za DK96 na DL96, zinazodai volti 90 kwa anodi, bamba la valvu linalopokea elektroni. Volti 90 ni seli 60 zimepangwa ndani ya boksi moja. Likiisha, redio inageuka meza ya kuwekea vikombe. Ninayo moja hapa rafuni, na boksi lake tupu.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikaanza 1957, na Cairo ilikwishaanza kutangaza kwa Kiswahili 1954. Kwa hiyo redio ya namna hii iliingia nyumba ambayo masikio yake yalikwisha kuwa na kazi. Bibi anakumbuka majirani wakija na vibao vyao vya kukalia, na mumewe akikataza mtu yeyote kugusa kifundo cha kulia.

Ilipofika mara ya kwanza ilikuwa imelala kwenye stoo miaka mingi. Nilitoa viota vinne vya nyigu, vile vya udongo, kimoja ndani ya koni ya spika. Chesisi ilikuwa na kutu ya chumvi kama zilivyo bati zote za pwani. Kabla yangu aliwahi kupita fundi mwingine, wa zamani kidogo, simjui. Alibadilisha kapasita kubwa ya kuchuja umeme akaweka ya mikrofaradi 100. Nia njema, hesabu mbaya. EZ80 ni rektifaya ya valvu, na kapasita ya kwanza baada yake haitakiwi kuzidi mikrofaradi 50, la sivyo kila redio inapowashwa mkondo wa kuijaza unaila kathodi yake, sehemu inayotoa elektroni. Aliyezoea dayodi za siku hizi hawezi kulijua hilo mpaka aambiwe.

Nikaweka mikrofaradi 47 za volti 400 nilizozitoa kwenye bodi ya TV ya chogo. Nasema hivi ili kijana asiyekuwa na fedha za kuagiza vitu nje asikate tamaa: TV za chogo zinazotupwa Tanga nzima ni ghala. Kapasita za volti 630, rezista za wati mbili, waya wa kuhimili joto, vyote vimo humo. Unachotakiwa ni kuipima kila moja kabla ya kuipachika. Globu ya kumulika sahani ya stesheni nikaweka ile ya nyuma ya baiskeli ya dinamo, volti 6. Mji huu haujawahi kukosa vipuri vya baiskeli.

Kisha kapasita za karatasi na nta. Hizi hubadilishwa zote, sijadiliani na mtu. Karatasi hunyonya unyevu, na hapa kwetu unyevu hauna likizo. Iliyo mbaya kuliko zote ni ile inayounganisha anodi ya EBC81 na gridi (kidhibiti cha mkondo) ya EL84. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Upande mmoja pana volti 100 hivi, upande wa pili panatakiwa pawe sifuri. Ikivuja kidogo tu, tuseme ikawa kama rezista ya megaomu 10, gridi ya EL84 inapanda volti sita chanya, valvu inafunguka kama bomba lisilo na koki, anodi inageuka nyekundu na transfoma ya spika inafuata. Testa ya bei rahisi, inayoishia megaomu 2, itakuambia kapasita hiyo ni nzima kabisa.

Ya redio hii ilivuja. Nikaibadilisha. Nikajiambia nimempata mwizi.

Sasa taa. Redio yoyote inayoingia kwangu haiguswi na umeme wa ukutani moja kwa moja. Huipitisha kwenye globu ya wati 100 ya waya wa ndani, zile za zamani, iliyofungwa kwa mfululizo. Ikiwa ndani kuna shoti, globu inawaka kwa nguvu zake zote na redio inasalimika. Ikiwa hakuna, globu inamweka, inafifia, halafu inabaki na wekundu kidogo kadiri valvu zinavyopata joto. Globu za LED hazifanyi kazi hiyo. Ninazo tatu za akiba na ninazitunza kuliko miwani yangu.

Redio ya Bibi ilikaa kwenye taa hiyo mchana mzima. Hita zilisoma volti 6.1. Kathodi ya EL84 juu ya rezista yake ya omu 150 ilisoma volti 6.4, chini kidogo ya saba na ushei ninazozitarajia kwa valvu hiyo. Gridi sifuri. Nikaridhika. Hita zilizo chini kidogo ya 6.3 hunipendeza, maana valvu kongwe haina mrithi dukani. Nikamrudishia Bibi redio yake, nikanywa kahawa yake, nikaondoka.

Usiku wa tatu mjukuu alinipigia. Inaanza vizuri, baada ya robo saa sauti inakwaruza kama mtu anayezungumza na tende mdomoni, na ukichungulia nyuma kuna valvu moja "ina kaa la moto ndani yake".

Hapo ndipo nilipofanya kitu sahihi kwa sababu sahihi nikafikia jibu baya. Gridi ikipanda chanya, washukiwa wa kwanza ni wawili: kapasita ya kuunganisha na valvu yenyewe. Njia ya kuwatenganisha ni kuichomoa EL84 redio ikiwa imewashwa kwa muda mfupi, kisha kupima tundu la pini namba 2 kwenye soketi. Volti zikiwepo bila valvu, kapasita inavuja. Zikitoweka, ni valvu inayozalisha mkondo wa gridi, ama kwa gesi iliyojipenyeza ndani ama kwa gridi iliyopakwa mabaki ya kathodi ikaanza nayo kutoa elektroni. Nilichomoa, nikasoma sifuri. Nilirudisha, nikangoja nusu saa, ikasoma sehemu nne za kumi za volti. Kidogo, lakini ipo. Valvu ya miaka sitini, iliyokwisha geuka nyekundu mara moja. Nikaihukumu.

EL84 bado inatengenezwa hadi leo, kwa hisani ya wapiga gitaa, kwa kuwa vikuza sauti vyao vingi vinaitumia. ECH81 haina bahati hiyo. Niliagiza EL84 mpya kupitia kijana anayeleta bidhaa kutoka nje, na bei yake pamoja na usafiri ilizidi nilichomtoza Bibi kwa kazi yote. Nikaipachika. Saa nne kwenye taa, sauti safi, anodi nyeusi kama inavyotakiwa. Nikairudisha.

Wiki tatu. Ndipo mjukuu akaja na ile khanga na ile harufu.

Ningeweza kuifungua tena palepale mezani. Sijui niseme nini kilinizuia, labda uchovu. Nilimwambia kijana airudishe nyumbani vilevile ilivyo, isichomekwe, nami nitafuata baada ya magharibi. Kwa miaka yote niliyofundisha fizikia nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba jaribio likitoa jibu tofauti mahali tofauti, basi mahali pamo ndani ya jaribio. Hapa mgonjwa anapona kwangu na kuugua kwake. Nimfuate kwake.

Njiani, nikikanyaga baiskeli na upepo wa bahari usoni, nilikuwa na nadharia yangu tayari, nzuri na ya Kitanga: chumvi. Soketi ya valvu ina pini yenye volti zaidi ya 200 si mbali na pini ya gridi. Ikipata utando wa unyevu wa chumvi usiku, umeme utatambaa juu ya utando huo hadi kwenye gridi. Ngamiani mchana utando unakauka, Raskazone usiku unarudi. Nilibeba spiriti na mswaki wa meno. Nadharia ilikuwa imekamilika kiasi kwamba nilikwisha anza kuitungia maelezo ya kumpa Bibi.

Bibi alinikaribisha kwa visheti na utani. "Mwalimu, hebu niambie. Redio hii inaogopa bahari?"

"Ndicho nilichokuja kukitazama, Bibi."

"Basi itazame taratibu. Mwenyewe alikuwa haigombezi."

Nilitoa karatasi ya nyuma, au kile kilichobaki cha karatasi. Kabla ya kitu chochote nikapima tundu la ukutani, kwa mazoea tu: volti 238. Nikachomeka redio. Ukutani, moja kwa moja. Taa yangu ilikuwa imebaki Ngamiani, kwa sababu kubeba globu kwenye baiskeli ni kutafuta vigae. Nikangoja dakika mbili, nikagusisha ncha za testa kwenye hita ya EL84, pini 4 na 5.

Saba nukta tano.

Nikapima tena. Nikageuza ncha. Nikapima hita ya ECH81. Saba nukta tano. Asilimia 19 juu ya kinachotakiwa, na desturi ni kutovuka asilimia 10 hata kwa bahati mbaya. Nilizima, nikakaa kimya kidogo. Bibi akauliza kama nimepigwa shoti.

Kwenye transfoma ya redio hizi kuna kitufe cha kuchagua voltiji ya ukutani, maana kiwanda kiliuza redio moja kwa nchi nyingi: 110, 127, 200, 220, 245, kulingana na modeli. Unakivuta, unakizungusha, unakirudisha, na namba inaonekana kwenye kidirisha kidogo. Cha redio hii nilikuwa nimekiona. Kidirisha chake kilikuwa kimezibwa na udongo wa nyigu, na nilipokuwa nikitoa viota sikukwangua pale kwa kuogopa kuvunja plastiki iliyokwisha kuwa kavu kama ganda la yai. Safari hii nilikwangua kwa ukucha. Ikatokea sifuri. Sifuri nyingine. Halafu 2.

Redio ilikuwa imewekwa kwenye 200.

Kwangu, ikiwa nyuma ya taa, haikuwahi kupata 238. Kesho yake nilipima kwa makusudi: ukutani 238, baada ya globu 193. Redio iliyowekwa kwenye 200 ikipewa 193 inakuwa na afya njema kabisa, hita 6.1, kathodi imetulia. Globu niliyoifunga ili kuilinda redio ndiyo iliyokuwa ikirekebisha kosa kila nilipoiwasha, na ikiacha kulirekebisha kila redio ilipotoka mlangoni. Nilikuwa nikipima redio na taa kwa pamoja, nikidhani napima redio.

Usiku ule, kwa kuwa valvu ilikwisha umia, niliiacha iwake ukutani dakika 20, mkono kwenye swichi. Gridi ilipanda taratibu: volti moja, mbili, nne, sita. Kathodi ikafika 12. Gawanya 12 kwa 150, unapata miliampea 80. Hata ukiondoa sehemu inayopita kwenye gridi ya skrini, yaani gridi ya pili ya valvu, anodi ilikuwa inabeba zaidi ya wati 15, na kikomo cha EL84 ni wati 12. Kisha kwenye mshono wa anodi ukatokea ule wekundu, kwanza kama kovu, halafu kama kaa. Mjukuu akasema, "Ndiyo hiyo." Nikazima.

Lakini redio ngapi zimewekwa kwenye 200 na zinaishi? Joto la ziada hufupisha maisha ya valvu, halielezi valvu mpya kuporomoka ndani ya wiki tatu. Kulikuwa na mshirika. Nilimkuta mezani kesho yake: rezista inayoiunganisha gridi na chesisi. Buluu, kijivu, njano, yaani kiloomu 680. Rangi zake zinang'aa kama za jana, ndiyo maana sikuigusa mara mbili zote. Niliiinua mguu mmoja nikapima. Megaomu 2.9.

Rezista za kaboni za zama zile hupanda thamani zinapozeeka, hasa kwenye joto na unyevu, na hazikuonyeshi kitu usoni. Fanya hesabu. Valvu iliyochoka ikizalisha mikroampea 2 za mkondo wa gridi, kwenye kiloomu 680 volti zinapanda 1.4, jambo ambalo redio inalivumilia. Kwenye megaomu 2.9 ni karibu 6, zilezile nilizozisoma Raskazone. Volti hizo zinaifungua valvu, valvu inapata moto zaidi, moto unaongeza mkondo wa gridi, mkondo unaongeza volti. Ni mduara, na unazunguka upande mmoja tu.

Nilitaka kujua nani mkubwa kati ya wale wawili, kitufe au rezista. Ile EL84 iliyoumia bado ilikuwa inafaa kwa majaribio, nikaitoa kafara. Bila taa, rezista mpya ya 680 na kitufe kwenye 200: baada ya dakika 40 gridi volti 1.3, kathodi 9. Moto, lakini imesimama. Rezista kongwe na kitufe kwenye 245: gridi volti 1, kathodi 7.6. Imesimama pia. Vyote viwili vibovu kwa pamoja, sikuhitaji kurudia, nilikwisha yaona barazani kwa Bibi. Kila mmoja peke yake angeweza kukaa miaka bila kujulikana.

Na ile kapasita niliyoibadilisha mwanzo? Ilikuwa mbovu kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kosa la kwanza lilikuwa la kweli, likanipa furaha ya kweli, nikafunga daftari.

Nilipompelekea Bibi habari, nilitegemea nimweleze yeye. Akanieleza yeye. Walipooana walikaa nyumba nyingine, mbali na hapo, mwisho kabisa wa laini. Magharibi watu wakiwasha taa, redio ilikuwa "ikinywea", sauti inarudi ndani, na jicho la kijani linafumba. Mumewe alimwita mtu aliyekuwa akijua mambo hayo, akageuza kitu nyuma kwa koleo, na tangu siku hiyo redio ikasikika mpaka barabarani. Walipohamia Raskazone hakuna aliyekumbuka kukirudisha.

Kwa hiyo yule mtu hakukosea. Kama umeme wa jioni kwenye nyumba ile ulikuwa unashuka hadi 200, hapo ndipo kitufe kilipotakiwa kuwa. Nimekuwa mwepesi wa kuwacheka mafundi walionitangulia, yule wa mikrofaradi 100 nilimcheka kwa sauti, na huyu pia ningemcheka kama Bibi asingekuwa na kumbukumbu.

Matengenezo ya mwisho hayakuchukua hata saa moja. Kitufe kwenye 245, na hita zikasoma 6.1 kwa umeme wa ukutani wenyewe. Nilikwepa 220 kwa sababu hapo hita zingefika 6.8. Rezista ya gridi mpya. Rezista nyingine zote za thamani kubwa nilizipima moja moja, tano zilikuwa zimepanda kupita kiasi, nikazibadilisha. Transfoma ya spika ilinusurika, harufu ilikuwa ya nta yake tu. EL84 niliitoa kwenye redio yangu mwenyewe iliyoko rafuni, kwani ile mpya niliiua mimi na sioni namna ya kumdai mwingine. Bibi alitaka kulipa, nikakataa. Alinitumia samaki aina ya changu watatu kwa mkono wa mjukuu, nao sikuwakataa.

Taa yangu bado ipo na kila redio inaanzia hapo. Nilichobadilisha ni kwamba haitoki tena mlangoni kabla haijakaa saa mbili ukutani bila taa, testa kwenye hita na kathodi, na mimi nimeketi mbele yake. Na kitufe cha voltiji ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta, hata kabla ya fyuzi.

Nyuma ya redio kuna matundu mawili ya gramafoni, ya kuingizia sauti kutoka nje. Kwa kuwa transfoma inatenganisha kabisa, niliyaungia waya wa simu ya mjukuu kupitia kapasita mbili ndogo. Kwenye redio za U sifanyi hivyo, wala usimruhusu mtu afanye, hasa simu ikiwa kwenye chaji. Usiku masafa mafupi bado yanaleta sauti za mbali, zinakuja na kuondoka kama mawimbi yenyewe, lakini Bibi alitaka taarabu ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya mji wake. Spika ya koni ya karatasi, inchi nane, sanduku la mbao. Mjukuu, ambaye amezoea kusikiliza kwenye simu, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni mpaka wimbo ukaisha.

Limebaki jicho la kijani. EM80 hufifia kwa matumizi, utando wake wa ndani unachoka kumulika, na hili linaonekana tu ukizima taa za chumbani. Ninayo nyingine, mbichi, ndani ya boksi lake. Nilimwambia Bibi nitakuja kulibadilisha siku yoyote atakayo.

"Liache hivyohivyo, Mwalimu," akasema. "Na mimi yangu yako hivyohivyo."